Mke wangu aliambiwa Winfred ni jina la kiume. Nimelichimba hilo jina, nimekuta watu wawili ndani yake

MtuWaRuhuwiko (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikaa kooni miezi miwili sasa.

Mke wangu ni Mkamba wa Machakos, anaitwa Winfred. Mwezi wa tatu tulikwenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha binti yetu. Karani akaipitia fomu, akaninyanyulia macho: "Kaka, hapa kwenye jina la mama umeandika mwanaume." Nikamwambia ndiye huyu aliyesimama hapa na mtoto mgongoni. Akasema haiwezekani. Ya kike ni Winfrida, Winfred ni ya kiume, ni kama Fredi tu, basi huko Kenya mlikosewa na aliyeandika. Tukapewa njia mbili: tukaape mahakamani kwamba Winfred ndiye mama wa mtoto, au jina lirekebishwe liwe Winfrida kuanzia hapo.

Mke wangu hakumjibu. Tulipofika nje, chini ya mwembe, akasema: "Hilo ni jina la susu."

Kwa Wakamba susu ni bibi. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na akishapewa, watu wa nyumbani humheshimu kwa heshima ya yule bibi. Mama mkwe hawezi kumfokea mke wangu ovyo, kwa sababu akimtaja anamtaja mama mkwe wake mwenyewe. Kile karani alichokiona kosa la tahajia, kwa mke wangu ni mtu aliyemlea mpaka darasa la nne.

Mimi nami nina shangazi Songea anaitwa Winfrida. Baba yangu mdogo, anayemfuata shangazi huyo kwa kuzaliwa, ni Bonifasi. Yashikeni hayo majina mawili, nitayarudia.

Nikaanza kutafuta. Nimesoma usiku, nimeuliza mapadri wawili. Nilichokipata nakileta hapa kwa sababu akina Winfred, Winfrida, Winifrida na Winnie ni wengi Afrika Mashariki, na naamini wengi wao hawajawahi kusimuliwa wamebeba nini. Kwa kifupi, karani alikuwa na haki nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyoninyima usingizi.

MamaTegemeo

Nimekaa mbele kabisa. Dada yangu ni Winfrida, endelea mkuu.

MtuWaRuhuwiko

Nianze na nusu ya karani.

Yapata mwaka 675 alizaliwa mtoto wa kiume katika ufalme wa Wessex, kusini-magharibi mwa Uingereza ya leo. Mapokeo yanautaja mji wa Crediton, jimbo la Devon. Wazazi wake walimwita Wynfrith, na katika maandiko ya Kilatini anaandikwa Winfrid. Alilelewa na wamonaki wa Exeter, baadaye akawa mwalimu katika monasteri ya Nursling, karibu na Southampton.

Mwaka 716 alivuka bahari kwenda kuhubiri Frisia, pwani ya Uholanzi. Kulikuwa na vita, akarudi mikono mitupu. Mwaka 718 akaondoka tena, na safari hiyo hakuiona tena nchi yake mpaka anakufa. Alipita Roma, na Mei 719 Papa Gregori wa Pili akampa kazi ya kuhubiri kati ya makabila ya Ujerumani, pamoja na jina jipya la Kilatini: Bonifatius.

Hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Bonifatius ndiye Bonifasi! Shangazi yangu Winfrida na baba mdogo Bonifasi, watoto wa tumbo moja waliobatizwa katika kanisa moja Ruvuma, wamebeba majina mawili ya mtu mmoja. Mmoja alipewa jina aliloitwa na mama yake, mwingine jina alilopewa na Papa. Babu yangu aliyewapa hakuwahi kutuambia, na sijui kama mwenyewe alifahamu.

Nisimalize habari ya huyo mzee kijuujuu. Karibu na mwaka 723, mahali paitwapo Geismar katika nchi ya Hesse, aliushika shoka na kuukata mwaloni uliokuwa mtakatifu kwa mungu wa radi, watu wa pale wakitazama, wakingoja radi impige. Mbao zake akajengea kanisa dogo. Tarehe 5 Juni 754, akiwa mzee wa karibu miaka 80, aliuawa pamoja na wenzake huko Dokkum, kule kule Frisia alikoshindwa ujanani. Alizikwa Fulda, kwenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 744 na mwanafunzi wake Sturm kwa maagizo yake. Fulda mpaka leo wanatunza kitabu cha zamani chenye makovu ya panga, na mapokeo yanasema alikiinua kujikinga.

Sasa maana. Kiingereza cha zamani kiliunganisha maneno mawili kupata jina. *Wynn* ni furaha. *Frith* ni amani, na si ukimya wa kutokuwa na vita tu. Ni ile hali ya watu wa jamaa moja kulindana, kila mmoja akijua hatadhurika mikononi mwa mwenzake. Winfrith, basi, ni furaha na amani. Hilo neno *wynn* lilikuwa pia jina la herufi. Waingereza wa zamani walikuwa na alama yao ya sauti ya W, ikifanana kidogo na P, wakaiita furaha.

Kijana_Mbezi

Mkuu, kwa hiyo Wilfred, Alfred, Godfrey, hao wote ni amani?

MtuWaRuhuwiko

Si wote, na hapa ndipo watu huteleza. Wilfred ni amani, ukitanguliza nia au utashi. Godfrey ni amani ukitanguliza Mungu. Fredrick ni amani ikifuatiwa na mtawala. Humphrey nayo ina *frith* mwishoni, ila ulimi umeifunika isionekane.

Alfred hayumo. Ile *red* yake ni *ræd*, yaani shauri, na mwanzo wake ni viumbe wa hadithi waliodhaniwa kuishi maporini, tuseme jamii ya majini wema. Mildred pia hayumo. Hilo ni upole na nguvu. Masikio yetu husikia mwisho mmoja, kumbe koo tofauti.

Na Frida wa kwetu, Fridah wa Kenya mwenye H mwishoni, mara nyingi ni kipande cha majina haya haya kilichosimama peke yake. Uingereza nako Winifred wengi waliitwa Freda nyumbani.

KatekistaMstaafu

Mleta mada, Mungu akubariki. Nimefundisha katekisimu miaka 31 upande wa Peramiho, na hilo la Winfrida na Bonifasi kuwa mtakatifu mmoja nililisikia kwa padre mmoja mzee nikiwa kijana, halafu likanitoka.

Niongezee. Wabenediktini wa Kijerumani waliofika kwetu mwaka 1888 na kuanzia Pugu waliongozwa na padre aliyeitwa Bonifatius Fleschutz. Peramiho ikaanzishwa mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Wamonaki wale walijihesabu watoto wa kazi ya Bonifasi, kwa kuwa ndiye wanayemwita mtume wa Ujerumani. Waliona wanafanya kwetu yale aliyoyafanya kwao Mwingereza yule miaka 1,100 kabla.

Na Kijerumani kina desturi ya kuchukua jina la mwanaume na kulitilia *a* likawa la kike. Wilfrid hupata Wilfrida, Winfrid hupata Winfrida. Ndiyo maana karani wako aliona *a* akatulia. Amezoea majina ya njia ya Kijerumani.

Kuna na jingine. Kwetu mna akina mama wanaitwa Lioba. Lioba alikuwa mtawa wa Kiingereza, ndugu wa Bonifasi kwa upande wa mama. Akiwa bado msichana katika monasteri ya Uingereza alimwandikia barua, akimkumbusha kwamba baba yake alikuwa rafiki yake, na kwamba yeye ni mtoto pekee, akamwomba amhesabu kama kaka. Akamtumia zawadi ndogo na shairi alilojaribu kulitunga. Baadaye Bonifasi alimwita Ujerumani, akawa mama mkuu wa watawa wa Tauberbischofsheim.

MtuWaRuhuwiko

Katekista, shikamoo. Nimeinakili hiyo ya Lioba nikamsomea mke wangu, akataka niisome tena.

Sasa nusu ya pili, ambayo karani hakuwa nayo. Naomba msome taratibu kwa sababu inahama nchi.

Tuhamie Wales, kaskazini. Wales si Uingereza ya Waingereza. Lugha yao ni nyingine kabisa. Mapokeo ya huko yanasimulia msichana wa karne ya 7 aitwaye Gwenfrewi. Ni simulizi ya watakatifu, iliandikwa karne nyingi baadaye, nanyi mpokee hivyo. Mwana wa mfalme aitwaye Caradog alimtaka kwa nguvu, naye alikuwa amekwisha kujitoa kwa Mungu. Akakimbia kuelekea kanisani kwa mjomba wake, Mtakatifu Beuno. Caradog akamfikia, akamkata kichwa kwa upanga. Kichwa kilipoanguka pakafumka chemchemi. Beuno akatoka, akakirudisha kichwa mahali pake, akaomba, msichana akainuka mzima. Akabaki na alama nyembamba shingoni maisha yake yote, akawa mama mkuu wa watawa mahali paitwapo Gwytherin.

Chemchemi ipo. Mji umezaliwa juu yake, kwa Kiwelishi unaitwa Treffynnon, yaani mji wa chemchemi, na Waingereza wanauita Holywell. Watu wamekuwa wakienda kuoga na kuomba pale tangu zama za kati. Mwaka 1138 masalia (mifupa) ya Gwenfrewi yalihamishiwa abasia ya Shrewsbury, upande wa Waingereza, na mkuu wa wamonaki wa pale, Robert, akaandika maisha yake kwa Kilatini. Inasimuliwa kwamba mfalme Henry wa Tano alitembea kwa miguu kutoka Shrewsbury mpaka Holywell mwaka 1416, baada ya kuwashinda Wafaransa katika vita vya Agincourt. Mageuzi ya Kiprotestanti yalipokuja, mahali pengi pa hija palifungwa, lakini hapa watu hawakuacha kuja. Miaka ya 1680 mfalme James wa Pili alifika kuomba mtoto wa kiume, naye alizaliwa mwaka 1688.

Mwaka 1917 maji ya asili yalikatika, uchimbaji wa madini jirani uliyapeleka pengine. Wakayaunganisha na maji mengine ya chini ya ardhi, na mahujaji wanaendelea mpaka leo.

Jina lake sasa. *Gwen* kwa Kiwelishi ni nyeupe, nzuri, iliyobarikiwa. Ndiyo Gwen ile ile ya akina Gwendolen. Sehemu ya pili wengi huifungamanisha na neno la upatanisho, amani. Wynfrith wa Devon na Gwenfrewi wa Wales, lugha mbili zisizoelewana, mmoja ni furaha na amani, mwingine ni baraka na amani. Hawakuwa na undugu, na majina yao hayakuwa na mzizi mmoja.

Yalikutana midomoni. Kiwelishi kina tabia ya kuidondosha G ya mwanzo neno linapokaa mahali fulani katika sentensi, hivyo *gwen* husikika *wen*. Waandishi wa Kilatini wakaandika Wenefreda. Waingereza waliosikia jina hilo masikio yao tayari yalikuwa na *wynn* na *frith*, wakaliviringa mpaka likafanana na la kwao: Winefride, hatimaye Winifred. Wynfrith wa kiume kwa wakati huo alikuwa amekufa Uingereza. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, majina mengi ya kale yalitupwa, kila nyumba ikawa na William, Robert na Richard. Msichana wa Wales akaikuta nguo ya mwanaume wa Devon imetundikwa, haina mwenyewe. Akaivaa.

Kwa hiyo kwa Kiingereza Winifred ni jina la kike, na limekuwa la kike kwa karne nyingi. Halihitaji *a* mwishoni ili liwe la mwanamke. Ya kiume imebaki kwa Wajerumani, Winfried. Mmoja wao, Winfried Kretschmann, alishika uongozi wa jimbo la Baden-Württemberg mwaka 2011.

Kamene_Wote

Habari zenu kutoka Makueni. Mimi pia ni Winfred kwa kitambulisho. Nimefurahi mpaka nimelia kidogo, sitaficha.

Shuleni mwalimu alikuwa akisoma rejista anasema "huyu kijana Winfred yuko wapi?" na darasa lote linageuka. Niliwahi kuandikiwa barua ya kazi "Bwana". Huku kwetu Ukambani tuko wengi, na hakuna mtu nyumbani huuliza kama ni la kiume. Ni ofisini tu.

Lakini nina swali. Umesema Kiingereza ni Winifred, na I katikati. Sisi yetu haina. Hiyo I ilienda wapi?

MtuWaRuhuwiko

Dada Kamene, hilo swali ndilo linaloniwasha hata mimi. Nipe siku mbili. Mke wangu ameanza kuulizia kwao.

JichoLaTai

Naheshimu utafiti, ila naomba niseme kinyume. Tunatumia jioni nzima kulitetea jina la Mwingereza wa karne ya 8. Bibi huyo wa Machakos alikuwa na jina lake la Kikamba kabla ya maji ya ubatizo. Kwa nini tusiutumie huu ushahidi wote kuyatetea majina yetu? Karani alikosea, sawa. Lakini kosa la kwanza lilifanyika siku mzungu alipomwambia bibi kwamba bila Winfred hawezi kusoma shule.

MtuWaRuhuwiko

Ndugu yangu, sikupingi hapo, na sitaki kulipita haraka.

Shule nyingi za misheni zilidai jina la ubatizo kabla ya daftari. Hilo lilikuwa shuruti na liliumiza. Binti yetu tumempa jina la Kingoni la mama yangu, ndilo la kwanza kwenye cheti.

Ila tazama huyu Winfrid mwenyewe. Naye alipewa jina jingine na mkubwa wa mbali, katika lugha isiyo ya mama yake. Hakulikataa. Lakini yapata mwaka 738, akiwa mzee Ujerumani, aliwaandikia Waingereza wote barua ya kuwaomba wawaombee Wasaksoni wa bara, kabila la Ujerumani lililokuwa bado halijabatizwa, ambao walikuwa wakisema "sisi ni damu moja na mfupa mmoja." Katika barua hiyo alijitambulisha kwa majina mawili: Bonifasi, aitwaye pia Wynfrith. Miaka karibu 20 baada ya kubadilishwa jina, akiongea na watu wa kwao, alilitaja lile la nyumbani.

Na mama Winnie Mandela, jina lake kamili lilikuwa Nomzamo Winifred Zanyiwe Madikizela. Nomzamo lina habari ya kujitahidi na kupitia majaribu. Alizaliwa Bizana mwaka 1936. Aliyabeba yote, na waliomshika na kumfunga hawakuweza kumvua hata moja.

Mimi simwambii mtu aite mtoto wake Winfred. Nasema aliyekwisha kuitwa hivyo, ambaye jina limekwisha kuwa la bibi yake, mtu wa dirishani asimvue kwa kalamu.

JichoLaTai

Hiyo ya barua sikuijua. Nimekuelewa. Na mama Winnie simbishii.

MamaTegemeo

Mkuu, kwa nini jina hili limejaa kwetu kiasi hiki na siwasikii wazungu wa sasa wakiitwa hivyo? Kazini nina Mwingereza, nilipomtajia dada yangu akasema "ooh, kama bibi yangu."

MtuWaRuhuwiko

Huyo Mwingereza amesema kweli tupu. Winifred lilishika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati ule lilikuwa kati ya majina yaliyopendwa sana kwa watoto wa kike, pamoja na Edith, Doris, Gladys na Florence. Lilienda mpaka makoloni. Mpiga piano Winifred Atwell, mzaliwa wa Trinidad, ndiye mwanamuziki mweusi wa kwanza kufika namba moja kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza, mwaka 1954.

Sasa fikiria umri. Msichana aliyezaliwa Uingereza mwaka 1900 akaitwa Winifred, kufikia miaka ya 1930 ni mwanamke mzima. Walimu na wauguzi wa misheni wa Kiingereza waliokuja huku walikuwa wa kizazi hicho. Mama wa Kiafrika aliyetaka jina la kumbatiza binti yake aliwasikia hao, hakusikia majina ya watoto wachanga wa London. Kwao Winifred likazeeka, likawa jina la mabibi. Kwetu lilikuwa bichi. Ndiyo maana leo ukikutana na msichana wa miaka 20 aitwaye Mildred, Gladys au Winfred, usimtafute Uingereza kwanza, mtafute Kenya au Uganda. Sisi ndio tuliolilea walipoliacha. Miaka ya karibuni nao wameanza kulirudia, hasa kifupi chake, Winnie.

Na kabla hamjauliza, yule dubu wa vitabu vya watoto hayumo kwenye ukoo huu. Kwake Winnie limetoka Winnipeg, mji wa Kanada. Dubu halisi alinunuliwa mwaka 1914 na daktari wa mifugo wa jeshi aliyetokea mji huo.

Mfereji_wa_Mbarara

Wa Uganda msitusahau. Winnie Byanyima ni wa kwetu Mbarara, naye ni Winifred. Alisomea uhandisi wa ndege, na tangu 2019 anaongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI.

MtuManama

Nipo Bahrain mwaka wa sita, nafanya kazi za ulinzi. Agosti 2024 tulikuwa chumba kimoja Wakenya na Watanzania tunatazama Olimpiki ya Paris, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni anayekimbilia Bahrain, alimpita mpinzani wake kwenye mita za mwisho kabisa, dakika 8 sekunde 52.76, rekodi ya Olimpiki. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia kule Budapest.

Kwenye ubao iliandikwa WINFRED, bila I, bila A. Ulimwengu mzima ulisoma. Huyo karani naye angetazama mbio.

Kamene_Wote

Huyo ni wa kwetu kabisa. Mama yangu alipiga magoti mbele ya runinga.

KatekistaMstaafu

Nami nikumbushe sikukuu, maana mtu mwenye jina ana haki ya siku yake. Bonifasi ni tarehe 5 Juni. Winifrida wa Wales ni tarehe 3 Novemba. Winfrida wa njia ya Kijerumani anaweza kushika Juni, Winifred wa njia ya Kiingereza Novemba. Dada Kamene, wewe wa bila I nakuachia zote mbili.

MtuWaRuhuwiko

Wakuu, nimerudi. Zimepita siku nne badala ya mbili, samahanini.

Dada Kamene, ile I nimeipata. Siwezi kusema ilivyopotea kwa kila Winfred wa Kenya, nasema ya nyumba moja.

Mke wangu alimpigia mama mkwe, mama mkwe akafungua sanduku la marehemu susu. Kulikuwa na kadi ya ubatizo, wino umefifia, mwandiko wa kizungu wa kulala. Imeandikwa *Winifred*. I zipo mbili. Kadi ile susu alipewa akiwa msichana asiyejua kusoma.

Chini yake kulikuwa na Biblia ya Kikamba na daftari moja la mazoezi. Kumbe susu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya gumbaru, akiwa tayari na wajukuu. Ukurasa wa kwanza wa daftari umejaa jina lake, mistari na mistari, herufi kubwa za mkono unaojifunza. Ameandika alivyolisikia akiitwa miaka yote, si lilivyoandikwa kwenye kadi. *Winfred. Winfred. Winfred.* Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya akasaini hivyo hivyo kwa mkono wake, hakuweka tena dole gumba. Mjukuu alipozaliwa akaandikishwa kwa tahajia hiyo ya bibi.

Kwa hiyo si mwandishi wa Kenya aliyekosea. Ndivyo mama mmoja alivyoliandika jina lake mwenyewe siku alipoweza.

Mama mkwe alipiga picha ule ukurasa akatutumia. Tulirudi ofisini na cheti cha kuzaliwa cha mke wangu, cheti cha ndoa na pasipoti, tukaomba kumwona msimamizi. Alikuwa mama wa makamo. Akavilinganisha vyote vitatu, akauliza tatizo ni nini hasa, nikamweleza. Picha ya daftari hakuihitaji, lakini mke wangu alimwonyesha. Aliitazama muda mrefu akiwa ameivuta karibu na miwani.

Cheti tulikichukua Ijumaa. Jina la mama: Winfred.

Kamene_Wote

Mwambie dada yangu nimemsalimia. Leo jioni naenda kwa mama, nitamwomba anifungulie sanduku la kwetu.